Aliangalia salio na bado akakatwa: kadi za debiti na ovadrafti Marekani

Kuna kauli moja inanikera sana, na naisikia mpaka kwa Waswahili wenzetu tunaoishi nao huku Marekani. Mtu akikatwa dola 35 za ovadrafti, yaani adhabu ya benki pale matumizi yanapozidi hela iliyomo kwenye akaunti, anaambiwa "si ungeangalia salio kabla ya kuswaipu kadi". Mimi nasema aliangalia. Wengi wanaokatwa wanaangalia kuliko hata mimi na wewe, asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu hela yenyewe ni kidogo na kila dola wanaijua ilipo. Ila namba inayoonekana kwenye simu na namba ambayo benki inapigia hesabu sio kitu kimoja, na kati ya hizo mbili kuna siku moja, mbili, wakati mwingine tatu, ndo humo watu wanaumia.

Nikupe mfano wa mdogo wangu, anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mshahara wake unaingia kila Ijumaa asubuhi. Jumatano usiku alikuwa na dola 52. Akapita sheli, akaingiza kadi kwenye pampu, sasa ile pampu ikaomba benki ruhusa ya dola 1 tu kuhakikisha kadi ni nzima, yeye akajaza mafuta ya dola 38 akaondoka. Alhamisi anaangalia simu inasoma 51. Akaenda dukani, unga, mafuta ya kula, maziwa, kuku, jumla dola 29, kadi ikakubali bila shida na simu ikabaki inasoma 22. Alhamisi usiku zile 38 za sheli zikatua kamili, akaunti ikawa hasi 15, benki ikaongeza 35 zake, na mshahara ulipoingia asubuhi ukakuta shimo la dola 50. Hilo deni la dola 15 halikulala hata usiku mzima.

Wanaotetea benki watasema kijana alijua kajaza 38, pampu ilimwonyesha namba kwa macho yake, kwa hiyo alitakiwa atoe mwenyewe kichwani. Ni kweli, na hilo siwezi kulikataa. Pia ni kweli kwamba sio benki inayoamua sheli itume lini hesabu kamili, ni mwenye sheli na mitandao ya kadi, na kuna pampu zinafanya kinyume kabisa, zinashikilia mpaka dola 175 hata kama umejaza ya 20, yaani hela ni yako na huwezi kuigusa mpaka hesabu halisi ifike. Mgahawani nako kadi inapitishwa kwa bei ya chakula, bahshishi uliyoiandika kwenye risiti inaongezwa baadaye. Benki imekaa katikati ya mambo ambayo haikuyapanga yenyewe.

Lakini yapo mengine ambayo iliyapanga yenyewe. Watu wa zamani wanakumbuka ule mtindo wa kupanga malipo ya siku kuanzia kubwa kwenda dogo. Una dola 100, asubuhi umenunua vitu vitatu, 5, 10 na 20, jioni likaingia la 95. Ukiyafuata yalivyotokea, ni hilo la 95 peke yake linalokupeleka hasi, adhabu moja. Benki inaanza na la 95, zinabaki 5, halafu yale matatu madogo, likianza la 20, yote yanakuta hela haitoshi, adhabu tatu, dola 105 badala ya 35. Mwaka 2010 jaji William Alsup wa California aliiamuru benki ya Wells Fargo irudishie wateja dola milioni 203 kwa mtindo huo, na mwaka uliofuata Bank of America ikakubali kulipa milioni 410 kumaliza kesi kama hiyo. Kwahiyo hadithi ya kwamba mteja ndo mzembe haikuanza vizuri tangu mwanzo.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndo zito kuliko yote. Unaswaipu kadi ukiwa na hela ya kutosha, benki inasema sawa. Kabla hayo malipo hayajatua, bima ya gari inajikata yenyewe. Malipo yako ya kwanza yanapokuja kutua yanakuta pungufu na unaadhibiwa kwa manunuzi ambayo benki ilishayakubali hela ikiwepo. Hapo mtu angeangalia nini? Mwaka 2022 CFPB, ile ofisi ya serikali inayolinda wateja kwenye mambo ya fedha, iliibana Regions Bank kwa makato ya aina hiyo, jumla dola milioni 191, na milioni 141 kati ya hizo zilikuwa za kurudishia wateja.

Sasa hoja ya benki ambayo naiheshimu ni hii: ovadrafti ni huduma. Cheki ya kodi ya nyumba ikirudi kwa kukosa hela, mwenye nyumba anakutoza ya kwake na uhusiano unaharibika, bora benki ilipe na wewe uilipe 35. Na kuna utafiti wa wachumi wa Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu ya Marekani, uliogundua kwamba pale mabenki yalipoondolewa kikomo cha ada, ada zilipanda kweli ila cheki zilizorudishwa zilipungua, na watu wa kipato cha chini wenye akaunti wakaongezeka. Yaani ukiibana sana ada, benki inaweza kuamua mteja mdogo hana faida ikamfungia mlango, akaishia kwa wale wa mikopo ya haraka wenye riba ya kutisha. Hilo sio la kupuuza, hasa kwa mgeni aliyehangaika kupata akaunti.

Ila hoja ya kodi ya nyumba tusiitumie kutetea maziwa na mafuta ya gari. Mwaka 2014 CFPB walichimba data za mabenki wakakuta zaidi ya nusu ya adhabu za ovadrafti kwenye kadi za debiti zinatokana na manunuzi ya dola 24 au pungufu, ada ya kawaida ilikuwa dola 34, na wengi wanarudisha hela ndani ya siku tatu. Kaa na hizo namba kidogo. Unamkopesha mtu 24, baada ya siku tatu anakurudishia 58. Ukiipiga kwa mwaka ni riba ya asilimia elfu kumi na saba. Mtaani mtu akikopesha hivyo tunamwita jina baya na hatumwaliki kwenye harusi. Na anayelipa sio kila mtu, chini ya mteja mmoja kati ya kumi ndo wanalipa karibu asilimia 80 ya makato haya yote, watu wale wale, mwezi baada ya mwezi.

Wakenya watasema mbona na sisi tuna Fuliza, ovadrafti ya M-Pesa kwenye simu, tangu 2019. Ndio, na ina malalamiko yake, watu wanaishi ndani yake. Lakini ukifuliza meseji inakuja papo hapo, umechukua kiasi gani, umekatwa kiasi gani. Mdogo wangu pale dukani hakuambiwa na mtu kwamba anakopa.

Hoja nyingine ya benki ni kwamba soko limeshajirekebisha lenyewe. Makato haya, pamoja na yale ya cheki kurudi, yalikuwa karibu dola bilioni 12 mwaka 2019, kufika 2023 yalishuka hadi kama bilioni 5.8. Capital One na Citi waliyafuta, Bank of America ikashusha kutoka 35 hadi 10. Ni habari njema, naikubali. Lakini mimi inaniambia na jambo lingine, kwamba ile 35 haikuwa gharama ya kitu chochote, mana kama ingekuwa gharama ya kweli benki kubwa zisingeweza kuifanya sifuri na zikaendelea kusimama. Desemba 2024 CFPB wakapitisha kanuni kwa mabenki yenye mali zaidi ya dola bilioni 10: toza dola 5, au toza gharama yako halisi, au kopesha waziwazi na utangaze riba. Bunge likaifuta, Seneti kwa kura 52 dhidi ya 48, na Trump akasaini Mei 2025 kabla haijaanza kutumika. Nilisikitika, kwa sababu kile kipengele cha kukopesha waziwazi ndicho kingemsaidia mtu, hata kuliko hizo dola 5.

Kilichobaki ni sheria ya 2010: benki haiwezi kukutoza ovadrafti kwa manunuzi ya kawaida ya kadi wala kutoa hela kwenye ATM mpaka ukubali mwenyewe. Mdogo wangu alikubali siku anafungua akaunti, aliulizwa kama anataka "ulinzi", nani anakataa ulinzi? Tumepiga simu benki wakauzima, ilichukua dakika sita.

Wiki iliyopita kadi ikakataa dukani, alikuwa amepungukiwa dola 4, akarudisha kuku kwenye friji watu wakiwa nyuma yake kwenye foleni. Aibu ile ni ya kweli, wanaotetea huduma hii wanayo haki ya kuitaja. Nikamuuliza kama tuurudishe ule "ulinzi". Akasema hapana, kuku nitamnunua Ijumaa. Kinachompa wasiwasi sasa ni bima ya gari, kwa sababu malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi hayamo kwenye sheria ile, na ya kwake inakatwa tarehe 3, mwezi huu imeangukia Alhamisi.