Wageni wa Majani na Barabara Iliyofungwa

Kuanzia tarehe 23 Septemba hadi 15 Oktoba mwaka 2023, mji mdogo wa Pomfret, jimbo la Vermont nchini Marekani, uliifunga barabara yake ya Cloudland kwa kila mtu asiyeishi huko. Sababu yenyewe ni picha.

Kwetu Afrika Mashariki ukisema vuli, mtu anawaza mvua za Oktoba hadi Desemba na shamba lililokwisha kutifuliwa. Vermont vuli ni majani. Mchana unapofupika na usiku kuanza kuwa wa baridi, miti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani. Manjano iliyokuwa imejificha ndani ya jani hujitokeza, na miti ya mepo, ile ile inayotoa sharubati tamu ya kumiminia chapati za maji, hutengeneza rangi nyekundu kutokana na sukari iliyobaki ndani ya majani. Misitu imefunika karibu robo tatu ya jimbo zima, kwa hiyo kwa wiki mbili tatu milima inakuwa kama imewashwa moto. Kisha upepo unapiga na mambo yamekwisha.

Kando ya Cloudland lipo shamba la watu binafsi liitwalo Sleepy Hollow, ambalo zamani liliwahi kuwa mali ya Joe Perry, mpiga gitaa wa kundi la Aerosmith. Nyumba na mabanda yake yako bondeni, kijia kinashuka kikijipinda, na nyuma kuna kilima cha miti. Ukisimama barabarani hapo juu asubuhi ya Oktoba, huhitaji ufundi wowote wa kamera. Picha hiyo ilipoanza kusambaa Instagram na TikTok, kila aliyeiona akataka ya kwake, naye akiwa amesimama katikati.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 916 mjini Pomfret. Barabara ni ya changarawe na nyembamba, kama zilivyo zaidi ya nusu ya barabara za Vermont, maana lami huko haikufika kila mahali. Magari yalipoanza kupangana kando yake, wenyeji wakashindwa kwenda kazini na kurudi. Wageni waliruka uzio, wakapita mageti yaliyoandikwa wazi kwamba ni mali ya mtu, wakabadilisha nguo kando ya njia ili wapige picha za mavazi tofauti, na wengine wakajisaidia vichakani. Walionasa kwenye mitaro ikabidi wavutwe na watu wa hapo hapo. Tena mji wa namna hii unategemea kikosi cha zimamoto cha majirani wanaojitolea. Gari lao likikwama nyuma ya msururu wa magari ya wapiga picha wakati nyumba inaungua, kila dakika inayopotea ni hasara.

Wakazi wakachangishana mtandaoni, wakapata zaidi ya dola 20,000 za kugharamia ulinzi wa barabara, yakiwemo mabango na askari wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, wa kusimama njiani. Bodi ya mji ikapiga kura, barabara ikafungwa. Mwaka 2024 ikafungwa tena.

Wanaoipinga hatua hii wana hoja nzito, na si vyema kuwafanya wote waonekane wapenzi wa kujipiga picha. Hoja yao ya kwanza ni kwamba barabara ni ya umma. Barabara za miji Vermont hupata ruzuku ya jimbo, kwa maana hiyo hata Mkongomani anayelipa kodi yake Winooski, au Mrundi aliyeanza maisha Burlington, ana senti yake ndani ya changarawe ile. Waswahili wa huko si wa kufikirika. Wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Wasomali Wabantu wamepewa makazi Vermont kwa miaka mingi, na Kiswahili kinasikika mashuleni. Familia kama hiyo ikitaka Jumapili moja ya Oktoba kuwaonyesha watoto milima ya jimbo lao, inaambiwa na askari kwamba njia ni ya wenyeji. Jimbo ambalo takriban watu 9 kati ya kila 10 ni weupe, askari anamtambuaje mwenyeji? Kwa anwani iliyo kwenye leseni, tutajibiwa. Napenda kuamini hivyo, lakini nawaelewa kabisa ndugu zetu wanaosikia neno "wenyeji tu" likiambatana na askari wakaona ni afadhali wageuze gari mapema.

Hoja yao nyingine ni ya tumbo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vermont imejitengeneza kwa makusudi iwe mahali pa kutazamwa: mwaka 1968 ilipitisha sheria ya kupiga marufuku mabango makubwa ya matangazo barabarani, na mpaka leo unaweza kuendesha siku nzima usilione hata moja. Hoteli, migahawa na maduka ya sharubati huhesabu Oktoba kama mkulima anavyohesabu mavuno. Na mwaka huo wa 2023 haukuwa wa kawaida. Mnamo Julai mafuriko makubwa yalilipiga jimbo, maji yakajaa maduka ya Montpelier, mji mkuu, na ya miji mingine midogo kama Ludlow. Wafanyabiashara waliokuwa bado wanakausha sakafu walikuwa wanaomba majani yawalipe walichopoteza. Katika hali hiyo, habari iliyozunguka dunia kwamba Vermont inafukuza wageni ilikuwa pigo, hata kama ni barabara moja tu ya kijijini.

Hapo ndipo upande wa pili unapojibu, na jibu lao naliona lina uzito kuliko linavyopewa. Fedha za wageni zinadondoka wapi? Jirani wa Pomfret ni Woodstock, mji wenye hoteli, mikahawa na maduka ya kumbukumbu. Mtalii analala Woodstock, anakula Woodstock, kisha anaendesha dakika chache kwenda kupiga picha Pomfret na kurudi. Kodi ya vyumba na milo, asilimia 9, inakwenda jimboni. Mji unaweza kujiongezea asilimia 1 ya kwake ukipiga kura, lakini asilimia 1 ya nini, kama mji wenyewe hauna vitanda vingi vya kulaza wageni? Woodstock inabaki na noti, Pomfret inabaki na vumbi. Unapomwambia mtu wa Cloudland kwamba utalii unamnufaisha, unamwambia habari za jirani yake.

Kuna jambo lingine ambalo wachambuzi wengi hulipita, nalo ndilo lililonifanya niegemee upande wa wenyeji. Watu wa Vermont si watu wa kufungafunga ardhi. Katiba yao, tangu ile ya mwaka 1777, inampa mkazi haki ya kuwinda hata kwenye ardhi ya mwingine isiyozungushiwa uzio. Ukitaka kumzuia mwindaji, ni juu yako kuweka mabango, kuyaandika mwaka, kuyasajili kwa karani wa mji na kulipa dola 5, na mwaka unaofuata unarudia upya. Usipofanya hivyo, jirani atapita na bunduki yake mwezi Novemba kutafuta paa, na hakuna atakayeona ajabu. Mila hiyo imedumu kwa sababu aliyepita shambani kwako anajulikana. Akiacha geti wazi, ng'ombe wakatoka, utamkuta dukani Jumamosi na mtayazungumza. Kibali kinatolewa kwa mtu mwenye uso na jina.

Mpiga picha wa siku moja hana uso huo. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwa sababu mgeni wetu wa asili alikaa siku tatu. Alijua jina la mwenye nyumba, alikula alichopikiwa, na ikifika zamu ya jembe alishika. Huyu wa Cloudland anakaa dakika ishirini, hasalimii mtu, na akiondoka anawaelekeza maelfu wengine. Huwezi kumpa jembe. Watu waliozoea kuacha ardhi wazi kwa miaka zaidi ya 200 wakifikia hatua ya kuweka askari, ni haki tuwasikilize kabla ya kuwaita wachoyo.

Nasi tumeyaona. Julai 2025 ilisambaa video ya Kogatende, Serengeti, watalii wameshuka magarini na kujaa kingo za mto Mara huku nyumbu wakikosa pa kupita. Tofauti ni kwamba nyumbu hawana bodi ya mji, kwa hiyo wanasubiri mamlaka ya hifadhi iwasemee. Watu 916 wa Pomfret wana bodi, waliitumia, na waliitumia kwa wiki tatu tu za mwaka mzima.

Hata hivyo kuna sehemu ya uamuzi huu inayonikera, nayo ni ule mchango. Dola 20,000 zilipatikana kwa sababu wanaoishi pale na wanaowaunga mkono wanazo. Barabara nyingine ya changarawe, yenye nyumba za magari ya kukokota na wazee wanaoishi kwa pensheni, ikivamiwa kesho na wapiga picha, itamlipa nani asimame njiani? Ulinzi wa barabara ya umma ukianza kununuliwa kwa harambee ya walio na uwezo, basi mwenye pesa atafungiwa njia yake na asiye nazo atavumilia vumbi. Hii ndiyo hoja ambayo wapinzani wangeishika, badala ya kulalamikia picha walizokosa.

Jimbo linalokusanya ile asilimia 9 lina wajibu hapa. Linatangaza majani kwa dunia nzima, linapokea kodi, halafu linaiachia bodi ya mji wa watu 916 itafute hela ya sherifu. Sehemu ya kodi ya Septemba na Oktoba ingerudi kwenye miji inayotazamwa bila kuuza kitu: kulipia maegesho nje ya kijiji, basi dogo la kupandisha wageni kwa zamu, vyoo, na askari pale inapobidi. Yule Mkongomani wa Winooski angepanda basi hilo na watoto wake, akaitazama milima na kurudi, bila mtu kumuuliza anaishi wapi. Na wenye shamba wangeweza kutoka na trekta lao.

Mpaka hayo yafanyike, mimi naona barabara ifungwe. Ila uamuzi huo uende kama bango la mwindaji: uandikwe mwaka, na kabla majani hayajageuka mwaka unaofuata, bodi ikae tena mbele ya watu, aliye na pingamizi alitoe, na kura ipigwe upya.