Shimo Gumu na Shimo Bovu Si Kitu Kimoja

Mipira miwili ya gofu ilikuwa imelala mtaroni, imeachana kwa urefu wa mkono. Mmoja wangu, mwingine wa mwenzangu. Wangu nilikuwa nimeupiga vizuri kuliko wote siku ile: ulinyooka, ukatua katikati kabisa ya njia ya nyasi fupi, nami nikainama kuokota kijiti changu kwa madaha. Wa mwenzangu ulipinda kulia tangu ulipoacha fimbo, akautukana ukiwa bado hewani. Tulipofika tukaikuta pamoja kama mapacha.

Shimo lenyewe ni la mikwaju 4, yaani mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa kupiga mara nne, yadi 400 hivi. Kati ya yadi ya 190 na ya 250 ardhi imeinama kulia kiasi kwamba mpira unaotua katikati haukai. Unabingirika polepole, bila haraka, hadi mtaroni. Wenyeji wa uwanja ule hulisifu. Ndilo shimo letu gumu kuliko yote, husema, na ni kweli. Nikisema ni bovu, huniambia nimeshindwa tu. Hilo nalo ni kweli, ndiyo maana nimejilazimisha kulitafakari kabla ya kulilaumu tena.

(Kiswahili hapa kinatutatiza kidogo. Shimo ni safari nzima ya yadi 400, na shimo ni kile kitobo chenye kipenyo cha milimita 108 kinachomeza mpira mwishoni. Katika maelezo haya hicho kidogo nitakiita tundu.)

Shimo likiniadhibu sina kinyongo. Nani angeamka alfajiri kwenda kucheza mashimo 18 yasiyouma? Kinachoniudhi ni shimo lisilojua kutofautisha. Mpira mzuri na mpira mbaya ukipelekwa mahali pamoja, mchezaji hana cha kujifunza. Wala sidai bahati iondolewe. Mpira hugonga tawi ukarudi njiani, mwingine hugonga jiwe ukarukia msituni, na hakuna anayeandika barua ya malalamiko kwa kamati. Lakini bahati huja mara moja moja na haina upendeleo. Mteremko wetu haubahatishi. Unakula kila mpira.

Sasa tazama shimo la 17 la Old Course, uwanja wa St Andrews kule Scotland, lile liitwalo Road Hole. Mweleze mtu asiyelijua, atasema limewekwa pale na mwenye chuki. Yadi 495 kwa mikwaju 4. Mkwaju wa kwanza unapigwa juu ya mabanda yaliyo kando ya hoteli, huoni unakotua. Grini, ile nyasi iliyokatwa fupi kabisa kuzunguka tundu, ni nyembamba, imekaa mshazari. Mbele kushoto banka, yaani mtego wa mchanga, refu kwenda chini, nyuma barabara na ukuta wa mawe. Mwaka 1978, katika The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, Tommy Nakajima wa Japani alifika kwenye grini kwa mikwaju miwili tu. Akausukuma mpira kuelekea tunduni, ukaporomokea ndani ya banka lile, akatumia mikwaju minne kutoka. Aliondoka na 9.

Hata hivyo siwezi kuliita shimo lile bovu, kwa sababu linakuruhusu kukataa ugomvi. Ukitaka, unapeleka mpira wa pili mbele ya grini upande wa kulia, unausogeza, unasukuma mara mbili, unaondoka na 5 yako bila jeraha. Anayetaka 4 ndiye anayelikaribia banka, na kadiri anavyotaka kulikaribia tundu ndivyo anavyolisogelea. Hatari inauzwa kwa bei inayoonekana.

Alister MacKenzie, daktari aliyeacha tiba akawa mbunifu wa viwanja, alilisema jambo hili mwaka 1920: mchezaji dhaifu awe siku zote na njia nyingine ya kupita, hata kama itamgharimu mkwaju au sehemu ya mkwaju. Baadaye yeye na mchezaji Bobby Jones walibuni uwanja wa Augusta National, Marekani, na shimo la 12 la pale, la mikwaju 3 na yadi 155 tu, limewaliza watu wengi. Mwaka 2016, Jumapili ya mwisho ya Masters, mashindano yanayochezwa pale, Jordan Spieth alianza mashimo tisa ya mwisho akiongoza kwa mikwaju mitano. Pale penye 12 alitia mipira miwili kijitoni na kuandika 7. Inauma kuitazama hadi leo. Lakini siku ya Jumapili tundu huwekwa upande wa kulia, na kila mchezaji anajua kwamba anayelenga katikati ya grini, juu ya banka la mbele, ana nafasi kubwa ya kubaki mkavu. Kijito hakikumfuata. Mpira wake ndio uliokifuata.

Shimo la 17 la uwanja wa TPC Sawgrass, Florida, ndilo linalonipa shida, na huu ndio ubishi ambao sijaumaliza hata na nafsi yangu. Grini imezungukwa na maji karibu pande zote, yadi 137, mikwaju 3. Mara nyingi husimuliwa kama wazo la kishetani la mbunifu wake, Pete Dye, ilhali chanzo chake ni mchanga: walichimba mchanga mwingi mno eneo lile kwa ajili ya kujengea sehemu nyingine za uwanja, likabaki shimo kubwa, na mkewe, Alice Dye, akapendekeza walijaze maji pande zote wabakize grini kama kisiwa. Kwa wachezaji wa kulipwa naona ni haki tupu. Wana fimbo fupi mkononi, mpira umekaa juu ya kijiti, hakuna mti wala kilima. Wakikosa, wamekosa wao. Bob Tway aliandika 12 pale mwaka 2005 na shimo halikuwa na kosa lolote.

Kwa mtu wa kawaida ni habari nyingine. Mzee anayepiga chini chini, mpira ukibingirika zaidi ya unavyoruka, hana pa kuupeleka. Hakuna upande wa tahadhari. Hawezi kusema "leo nakubali 4" akapiga mahali pa kumpa 4. Kwa kipimo cha MacKenzie shimo lile limefeli, na bado watu hulipa pesa nyingi ili walishindwe. Nami ningelipa. Kwa hiyo nalihesabu kama bembea ya kutisha: nzuri mara moja, lakini viwanja vilivyoliiga ovyo, kisha vikawapitisha wanachama walewale kila wiki, vimewakosea.

Pamoja na hayo, mashimo mengi yanayoitwa mabovu hayakubuniwa vibaya. Yameharibiwa na mashine ya kukata nyasi, au na mtu aliyetumwa asubuhi kutoboa tundu. Shimo la 7 la uwanja wa Shinnecock Hills, Marekani, ni mfano wa hilo. Limefuata ramani ya Redan, shimo la 15 la North Berwick kule Scotland, mojawapo ya mashimo yaliyoigwa zaidi duniani: grini imeinama ili mpira uliotua mahali sahihi ujisogeze wenyewe kuelekea tunduni. Ni wazo tamu. Jumapili ya mwisho ya mashindano ya US Open ya 2004 grini ile ilikuwa imekauka na kuwa ngumu hata mipira haikukaa, ikabidi wasimamizi wainyunyizie maji katikati ya mchezo, kundi baada ya kundi. Ardhi ilikuwa ileile iliyosifiwa kwa miongo kadhaa.

Kasi ndiyo iliyobadilika. Mwaka 1935 Edward Stimpson alitengeneza kifaa cha kupima kasi ya grini: unauachia mpira kwenye mfereji ulioinuliwa, kisha unapima umebingirika futi ngapi. Miaka ya 1970 grini nyingi zilikuwa futi 6 au 7. Leo mashindano makubwa hutaka 12 na zaidi. Mwinamo uliokuwa mtihani wa akili kwa futi 7 hugeuka paa la bati kwa futi 13. Halafu anatokea mtu anatoboa tundu katikati ya paa hilo. Uwanja wa Olympic Club, US Open ya 1998, shimo la 18, siku ya pili: Payne Stewart alikosa kwa mpira mfupi wa kusukuma, ukapita tundu, ukaendelea kuteremka futi 25 hivi. Alishindwa mashindano kwa mkwaju mmoja. Hapo mbunifu hana hatia. Ningemtafuta mwenye kutoboa.

Na kuna ukatili wa urefu, ambao hauhitaji maneno mengi. Uwanja wa Bethpage Black, US Open ya 2002, shimo la 10, mvua inanyesha: ili kufika tu kwenye nyasi fupi mpira ulitakiwa kuruka yadi zipatazo 250, na baadhi ya wachezaji bora duniani hawakuweza. Walipiga vizuri wakatua kwenye nyasi ndefu. Ni mtaro wetu uleule, ila huu ulikuwa mbele ya kamera.

Nirudi kwetu. Nilipendekeza nyasi za upande wa kulia wa mteremko ziachwe zirefuke kidogo ili mpira mzuri upate pa kushika. Hakuna udongo wa kuhamisha, hakuna mkandarasi. Jibu nililopewa ni kwamba tutapoteza sifa.

Mwenzangu hakuingia katika ubishi huo. Tangu siku ya mtaro hupiga fimbo namba 7 pale mwanzoni, yadi 150, kabla mteremko haujaanza. Kisha namba 7 tena, unaruka mteremko wote. Kisha fimbo fupi hadi kwenye grini, anasukuma mara mbili, anaandika 5. Shimo lililonikataa mimi, mwenye mkwaju mrefu, lilikuwa na njia ya mtu dhaifu muda wote, na mimi nilikuwa nimeshughulika mno na kutetea haki hata sikuiona. Bado nasema mteremko ule ni mbovu, kwa sababu unamwadhibu hata anayepiga vizuri. Mara nne zilizopita amenishinda palepale.