Msininunulie Rangi, Nitafutieni Ribiti

Ukinikuta kwenye mnada wa vitoi vya zamani huku Pennsylvania utaniona nimeshika behewa la Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea, nimeligeuza juu chini nachungulia tumboni kwa tochi ya simu, na usidhani nimechanganyikiwa, natafuta rangi ya plastiki yenyewe kabla haijapigwa rangi ya nje. Watu wengi wanaangalia nje. Mi naona hapo ndo wanapopigwa.

Nazungumzia mabehewa ya mizigo ya namba 6464, yale yaliyoanza 1953 wakati Lionel bado wanatengeneza New Jersey. Mwaka huo yalitoka manne, kila moja na jina la kampuni ya reli: Western Pacific, Great Northern, Minneapolis & St. Louis na Rock Island. Yalipendwa, wakaendelea kuongeza kampuni za reli mwaka hadi mwaka, na kwa kuwa kiwandani plastiki ikiisha rangi moja wanatia iliyopo halafu wanapaka juu, ndo unakuta behewa lilelile kwa nje lakini ndani hili jeusi lile jekundu.

Sasa wakusanyaji wengi wanakimbilia tofauti za rangi na maandishi. Western Pacific ya kwanza ina maandishi ya bluu, yenye maandishi mekundu ni adimu na bei yake inatisha. Rutland ya 1955 ina nembo ya ngao, zipo chache ambazo ngao imejazwa rangi yote, watu wanazililia. Sikatai ni nzuri, ila rangi ndo kitu rahisi kuliko vyote kughushi! Nasema kwa uchungu maana nilishauziwa Rutland ya ngao iliyojazwa na jamaa mmoja mwenye maneno matamu kuliko asali, nikafika nyumbani nikaimulika na taa ya UV, ile ngao ikang'aa tofauti kabisa na rangi nyingine pembeni yake. Pesa imeenda. Lile behewa bado ninalo, nimeliweka kabatini linikumbushe.

Ndo maana siku hizi nafuata kalibu, yaani lile umbo la kumiminia plastiki. Matoleo ya mwanzo yana mistari ya ribiti ubavuni, vile vinundu vya kuigiza misumari ya kuunganisha bati, halafu wakaona nembo na maandishi makubwa hayakai vizuri juu ya vile vinundu, wakairekebisha kalibu, ribiti zikatolewa sehemu sehemu. Baadaye wakagusa na paa. Hapo mtu mwenye kopo la rangi hana la kufanya, labda akae azichonge ribiti moja moja na akifanya hivyo kwa kweli anastahili alipwe. Mlango nao ulibadilika, wa mwanzo una kibao kimoja kilichotokeza na kuanzia 1955 ukaja wenye vibao vingi, lakini mlango usiuamini sana, unachomolewa na kupachikwa mwingine ndani ya dakika chache tu.

Wengine wataniambia mbona yale mabehewa ya seti ya treni waliyoitengenezea wasichana ya 1957 yenye kichwa cha treni cha pinki yana bei na ni rangi tu. Sawa, ila yale yalikosa wanunuzi wakati wake, ndo maana yamebaki machache, na mi hata ningepewa bure ningeyauza nikanunue Missouri Pacific.

Hiyo Missouri Pacific, 6464-150, ndo ugonjwa wangu. Ya bluu yenye mkanda wa kijivu, na lile neno "Eagle", yaani tai, kuna linakokaa kushoto kwa mlango na kuna linakokaa kulia. Ninayo matatu. Binti yangu wa miaka 9 aliniuliza baba mbona umenunua kitu kimoja mara tatu, nikampa lenzi nikamwambia hesabu ribiti. Akalala kifudifudi kwenye zulia akahesabu, akarudia, mara namsikia: "Baba, hili limekatwa hapa!"

Sasa anadai moja ni lake.