Shati la Urithi

Kijana wangu kamaliza Kidato cha Nne. Majirani hapa Mbagala wananipa hongera, nami naitikia, asanteni, tunamshukuru Mungu. Lakini hakuna hata mmoja anayeniuliza jembe langu liko wapi.

Ukimpeleka mtoto shule ya bweni, kabla hajakiona kitabu, wewe mzazi unapewa fomu ya kujiunga. Ile ya kwanza niliisoma mara mbili nikidhani wamenichanganyia na ya vibarua wa mkonge. Jembe na mpini wake. Panga. Fagio la ndani, fagio la nje. Ndoo yenye mfuniko. Rimu ya karatasi. Godoro la futi mbili na nusu. Ada imefutwa tangu 2016, na aliyeifuta Mungu amlaze pema, lakini fagio halikufutwa. Kila Januari mafagio mawili mapya. Miaka minne, mafagio manane! Ukiyapanga kwenye bajaji yangu, abiria hana pa kukaa.

Nikajipa moyo. Mdogo wake kamaliza Darasa la Saba na Januari anaingia Kidato cha Kwanza, kwa hiyo nikapiga hesabu zangu usiku nimelala chali: tranka lipo, godoro lipo, ndoo ipo, mashuka yapo, shati lipo. Kaka mtu anatoka, mdogo mtu anarithi, mimi nanunua daftari tu. Nililala usingizi mzuri sana siku ile.

Siku ya kurudi nikaacha abiria wangu nikaenda kumpokea Mbezi, stendi ya Magufuli. Konda ananidai nauli ya tranka. Namwambia tranka halina roho, ananijibu, "Mzee, limekaa." Nikalipa. Nikaliinua, nikashtuka. Lilivyotoka nyumbani tulilibeba watu wawili tukipumzika njiani. Limerudi nalinyanyua kwa mkono mmoja, na huo mkono una simu.

Tukalifungulia sebuleni mbele ya mama yake. Mimi nimeshika fomu na kalamu, kama mkaguzi wa hesabu.

"Ndoo?"

"Ilipasuka, baba."

"Na mfuniko?"

"Ulikuwa wa ile ndoo."

"Mashuka mawili ya bluu?"

Akatoa moja. La pinki. Pembeni limeandikwa jina la mtoto wa watu, kwa wino ule usiotoka.

"Huyu ni nani?"

"Simjui, baba. Nililikuta kwenye kamba."

"Na yako?"

"Na yeye atakuwa aliyakuta kwenye kamba."

"Godoro?"

Kimya. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, "Tuliwaachia wadogo zetu."

Wadogo zenu! Mdogo wako si huyu hapa, kasimama mlangoni, ananyonya embe!

Jembe nikaambiwa ni mali ya shule tangu siku ile nilipolikabidhi stoo. Kijiko, lakini, kilikwenda kimoja vimerudi vitatu. Hapo sikuuliza, niliweka tiki nikaendelea.

Ndipo mama watoto akavuta shati kutoka chini. Lile jeupe, nililomnunulia Kariakoo kwa ajili ya mahafali, shilingi 15,000, baada ya kubishana na muuzaji mpaka akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna amani. Mahafali yenyewe tuliambiwa saa nne, mgeni rasmi akaingia saa nane, akaahidi mashine ya kudurufu, akaondoka na keki nusu. Yote hayo niliyavumilia kwa sababu ya shati, maana nilijua lina safari ndefu.

Sasa halikuwa shati tena, lilikuwa ubao wa matangazo. Siku ya mtihani wa mwisho eti huwa wanasainiana. Bluu, nyeusi, nyekundu. "Tukutane Kidato cha Tano." "Mungu akutangulie." Mfukoni kumechorwa moyo wenye mshale, na mama yake ameganda hapo kama anayesoma barua ya mahakama. Nikaligeuza. Mgongoni, kwa herufi kubwa: UKOKO USITUSAHAU.

"Ukoko ndio nani?"

Akatazama dari. "Mimi, baba."

Kumbe kijana wangu alikuwa swahiba wa mpishi wa shule, na siku za wali sufuria lilikuwa haliguswi na mtu mpaka yeye apite. Miaka minne shule nzima inamwita Ukoko. Mama yake akapandisha sauti: "Hapa nyumbani ukoko si unasema unakuumiza meno?"

Mtihani nimemuuliza. Fizikia? Kawaida. Hesabu? Kawaida. Kiswahili? Hicho nacho kawaida. Matokeo Januari. Watu wananieleza divisheni wani ni pointi 7 hadi 17, yaani kadiri unavyopata kidogo ndivyo unavyofaulu. Kama ni hivyo mimi kwa biashara ya bajaji ningekuwa profesa. Mwenye matokeo yake analala mpaka saa sita, ukimwamsha anakwambia anapumzisha akili.

Shati tumelifua kwa jiki mara mbili tukalianika juani. Bluu imetoka, nyekundu imetoka, moyo umetoka kwa nguvu za mama yake. Nyeusi imegoma. Mgongoni "usitusahau" inasomeka kwa shida, lakini UKOKO ipo, imetulia.

Fomu ya mdogo mtu nayo imefika. Jembe na mpini wake. Hela niliyonayo ni ya kimoja, jembe au shati, na bila jembe anarudishwa getini. Amelijaribu lile shati mbele ya kioo, akajigeuza, akaniangalia.

"Baba, nitaanza shule naitwa Ukoko?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kule asubuhi kuna baridi, atavaa sweta juu. Nikamwita kaka yake alete lile sweta lake.

Anasema lilikuwa kwenye kamba.