Makumbi ndiyo, lakini uliza yamelala wapi

Kila anayepanda juu kwetu hapa Lamu akaona ndoo zangu za sukumawiki na pilipili huuliza swali lilelile: watia mbolea gani? Hakuna anayeuliza mizizi imeshika nini. Na mimi, baada ya miaka mitatu ya kulima bila udongo, naona shughuli yote iko hapo. Mbolea utaibadilisha hata kesho. Ulichojazia ndoo utakaa nacho msimu mzima.

Mafundi wa haidroponiki husema kitu cha kupandia hakina kazi ila kuushika mmea na kuipa mizizi maji na hewa, chakula ni kazi ya yale maji. Huko kwao huenda ikawa hivyo. Huku pwani mchanga una maneno yake, na makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, nayo yana yake.

Nilianza na mchanga kwa kuwa ni wa bure. Nikabebesha punda viroba vinne kutoka ufuoni, nikauosha chumvi mpaka vidole vikakunjamana. Jioni nayaweka maji ya mbolea kwenye pH 6 (kipimo cha uchachu, ikipanda uchachu umepungua), asubuhi nayakuta yamepita 7. Natia asidi, kesho yake yamerudi palepale. Majani machanga ya nyanya yakageuka manjano, kijani ikabaki kwenye mishipa tu. Madini ya chuma yamo majini, lakini pH ikipanda namna hiyo mmea hauyapati. Siku moja nikauweka ule mchanga kiganjani nikaukamulia ndimu. Ukachemka povu kama soda. Matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa tupu! Asidi yangu yote nilikuwa naulisha mchanga.

Tena ni mzito. Ndoo ya lita 20 ya mchanga uliolowa hupita kilo 30, na sakafu ya juu ya nyumba zetu za zamani imebebwa na boriti za mikoko zilizokwisha kuzeeka. Niliposikia ufa unalia chini ya ndoo ya kumi, niliziteremsha zote siku hiyohiyo. Na kama mtu anawaza vile vilima vya mchanga vya Shela, asahau. Vile ndivyo vinavyouwekea mji huu maji ya visima.

Lile jiwe jepesi la kusugulia visigino ni zuri, sikatai. Haliozi, lina vitundu vya hewa, na huko Naivasha wakulima wa maua hulipandia. Lakini Naivasha ni Naivasha. Mpaka lifike Mokowe upande wa bara, lipande mashua, lishushwe, libebwe na punda, umelipa nauli ya mawe. Sufi ya mwamba, ile ya jiwe lililoyeyushwa likasokotwa kama nyuzi, siitaki kabisa. Ikishachakaa haiozi, na kisiwani humu taka zilizopo zatutosha.

Yabaki makumbi. Mepesi, yanashika maji bila kuinyima mizizi hewa, na umeme ukikatika pampu ikanyamaza, mimea hupata saa kadhaa za kuvumilia. Wanaopanda kwenye mabomba matupu wanajua mchana mmoja wa kaskazi bila pampu unafanya nini. Yakichoka, nayamwagia mrehani na mpapai.

Basi nikamwendea mzee mmoja msokota kamba, nikamwomba lile vumbi linalobaki akishapiga makumbi. Akacheka. "Hizo ni taka, mwanangu. Wazitakia nini?" Nikajaza magunia mawili kwa furaha. Wiki ya tatu sukumawiki ikaungua kingo za majani kana kwamba imepitishiwa pasi. Nikarudi. "Ami, makumbi haya huyafukia wapi?" Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua hutokea upande gani. "Pwani, kwenye matope. Wapi tena?" Makumbi ya kamba hulala miezi matopeni, maji ya chumvi yakipwa na kujaa juu yake. Kwa kamba ni sawasawa. Kwa sukumawiki ni sumu.

Sasa nayachukua kwa wafua nazi, makavu, kutoka chini ya kifuo. Hayo pia yana chumvi yake, mnazi ni mti wa pwani, ila huosheka. Nayaosha kwa maji ya mvua, kwa maana maji yetu ya kisima yenyewe yana uchumvi, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kujichosha. Maji ya kwanza hutoka mekundu kama turungi, ya tatu yanaanza kuangaza. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, nyanya zikaoza matako. Makumbi yameng'ang'ania sodiamu na potasiamu, na maji matupu hayaibandui yote. Ukipanda hivyo, yanaipokonya mimea madini ya kalisi (calcium). Yaloweke usiku kucha kwenye maji ya naitreti ya kalisi, yashibe yenyewe kwanza, kisha yasuuze. Msichukue mbolea ya CAN ya dukani (naitreti ya kalisi na amonia) kwa kuwa jina linafanana. Ina amonia, na ina unga wa mawe usioyeyuka, utakuachia tope jeupe chini ya ndoo.

Kuna wanaoagiza yale matofali yaliyokandamizwa kutoka Sri Lanka au India. Si mabaya, kilo 5 zikinywa maji hufura zikapita lita 60, na mengine huja yameshaoshwa. Lakini kununua makumbi ya ng'ambo nami nimeketi chini ya mnazi, roho yangu haikubali.

Kazi inayonishinda mpaka leo ni kuchekecha. Nyuzi ndefu zikizidi, maji hupita mbio. Vumbi likizidi, ndoo inakuwa uji. Nataka nusu kwa nusu, na chekecheke la matundu ya kadiri hiyo hapa mjini nimelipata moja tu. Mama bado analitafuta jikoni.