Sufuria zilizofunga ndoa

Nina sufuria mbili za alumini ambazo ukizitazama harakaharaka utasema ni pacha. Zote zimeandikwa sentimita 24 kwenye kitako. Uongo mtupu. Moja imemzidi mwenzake kidogo sana, kiasi kwamba jicho halioni.

Usiku ule mpira ulikuwa unakaribia kuanza. Nikamwaga maji yaliyokuwa yakichemka, na sufuria ikiwa bado inafuka mvuke nikaitumbukiza ndani yake ile pacha, iliyotoka kuoshwa kwa maji baridi na bado inachuruzika. Ikashuka taratibu, shwiii! Nikajiona fundi wa kupanga kabati.

Asubuhi hazitoki.

Alumini ikipata moto hutanuka, tena kuliko chuma. Kwa upana wa sentimita 24, joto likipanda nyuzi 60 sufuria huongezeka karibu theluthi moja ya milimita. Kadogo, lakini kanatosha. Ile ya nje ilipopoa ilijikaza kama pete kwenye kidole kilichovimba, na maji yaliyobaki katikati yakaziba upenyo. Hewa haiingii, kwa hiyo ukivuta unashindana na hewa yote inayokandamiza kutoka nje.

Mimi hayo sikuyajua. Nilianza na kisu, nikaambulia mikwaruzo na ukingo uliopinda. Nikaja na mafuta ya kupikia. Hayakuwa na pa kupenya, yakaishia viganjani. Basi mke wangu akashika ya nje, mimi ya ndani, tukavutana jikoni nzima kama watoto wanaogombania shuka. Mpwa wangu akatutazama weee, kisha akasema, “Mjomba, hizo sasa ni sufuria moja.”

Hapo ndipo akili yangu kubwa ilipofanya kazi: nikamimina birika zima la maji ya moto ndani. Kumbe inayotanuka ni hiyo hiyo ya ndani! Ikabana maradufu. Sikukoma, nikazibeba zote kuzibandika juu ya moto.

“Weka chini!” mke wangu akapaza sauti. Na alikuwa na haki. Maji yaliyonaswa katikati yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600, na yakikosa njia, sufuria ya ndani inaweza kukurukia usoni.

Yeye alifanya kinyume changu. Akamwaga yale maji, akaacha zipoe, akajaza barafu na maji baridi kwenye ya ndani. Ya nje akaikalisha kwenye beseni la maji ya moto, si ya kuchemka, yakafika nusu ya ubavu. Dakika tano. “Usivute, zungusha. Kulia, kushoto, ndipo uinue.”

Kuanzia hapo zikipangwa ni zikiwa zimepoa, zimekauka, na kipande cha kitambaa katikati. Ukinunua mpya, chagua zenye ubavu uliolala kuelekea nje. Zilizosimama wima ndizo zinazong'ang'aniana hivi.

Basi nikazungusha kulia, kushoto, halafu, kwa haraka zangu, nikavuta kwa nguvu zote. Pwaa! Nikaanguka chali, barafu yote kifuani.

Mke wangu akanipita pale pale sakafuni, akaokota sufuria, akapitisha kidole ukingoni.

“Hii mikwaruzo ni ya nani?”