Msichomoe beji zetu!

Jamani, mnaokuja kututembelea hapa Kamalondo, Lubumbashi, nawaomba: beji za Disney, zile pini ndogo za chuma zenye picha za katuni, zilizo kwenye kitambaa ukutani si za kuchomoa. Tumezikusanya miaka sita, mimi, mume wangu na watoto, na nyingi kaleta shemeji kutoka Disneyland Paris. Zile za toleo maalumu zina idadi yake imechapwa mgongoni, na zikiisha zimeisha. Sasa mtu amealikwa bukari (ugali), anachomoa moja, “nione tu”. Kile kipira cha nyuma kinachoshika pini, chenye masikio ya Mickey, kinaanguka chini ya kiti, naye kimya! Juzi umeme ulikuwa umekatika, binti yangu akapiga magoti na tochi ya simu, analia. Si uniambie nikushushie mwenyewe?